Mlango wa Nyuma, Mobeni

Jumapili, mwezi wa kumi.

Tangu alfajiri inanyesha ile mvua nyembamba ya Durban, isiyokulowanisha vizuri wala kukuacha mkavu. Niko chumbani kwangu Chatsworth. Nimefungua kompyuta mara tatu na kuifunga mara tatu. Sijaoga, chai imepoa, na simu nimeizima kwa sababu sitaki kusikia sauti ya mtu yeyote, hasa ya mtu mmoja.

Nina uchungu. Mwingi wake ni juu yangu mwenyewe, ndiyo maana imenichukua siku zote hizi kuandika.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi. Nafunga mifumo ya milango, ile ambayo mtu anagusisha kadi ukutani, taa inawaka kijani, mlango unaachia. Nilisomea umeme Morogoro, nikaja Durban miaka sita iliyopita, na miaka miwili ya mwanzo niliuza makava ya simu mjini, kwa sababu kila kampuni niliyoingia iliniuliza kama nimekuja kuomba kazi ya usafi. Aliyenipa kazi ni Kaka Prosper, Mkongo wa Lubumbashi, mwenye kampuni ndogo ya watu wanne na gari moja. Hakuniuliza habari za uanamke wangu. Aliniuliza kama naogopa ngazi. Nikapanda mbele yake, akasema njoo Jumatatu.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mtu huyu si adui yangu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa.

Wiki tatu zilizopita alinikabidhi kazi yangu ya kwanza ya kusimamia peke yangu: kiwanda cha mito na mablanketi kule Mobeni. Milango minne, paneli moja ya kuiongoza yote, na vyote viunganishwe kwenye mtandao wa kiwanda ili meneja aone nani kaingia na nani katoka, yeye akiwa popote pale.

Paneli ni sanduku la chuma tu, unalitundika ukutani. Ndani kuna ubao wa umeme, chini kuna betri, na nyaya zinaingia kutoka kila mlango. Mlangoni kuna kisoma kadi, na juu ya fremu kuna sumaku nene. Sumaku ikipata umeme, inaushika mlango. Ikikosa umeme, inauachia. Fundi akisahau mengine yote, hilo asilisahau.

Siku ya pili paneli iligoma kuonekana kwenye kompyuta. Nilihangaika nayo toka asubuhi hadi watu wakatoka kula. Meneja alipita mara mbili, mara ya pili akaniuliza kwa Kiingereza kama ofisini kwetu hakuna mtu mwingine wa kutumwa. Kumbe namba ya mtandao niliyopewa ya kuiwekea paneli ilikuwa inatumiwa tayari na printa ya ofisini, vinagombania namba moja. Nikaipa paneli namba nyingine, nikaona milango yangu inajitokeza kwenye skrini, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Sikumwambia mtu. Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu.

Na betri niliweka kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kazi. Umeme wa huku tunaujua. Nilitaka hata ukikatika kutwa nzima, milango ibaki imeshikwa na mali ya watu iwe salama. Kaka Prosper alinisifu kwa hilo. Mimi pia nilijisifu.

Halafu nikawaandikisha wafanyakazi, sitini na watatu, kila mmoja nikimpiga picha na kumpa kadi. Wengi ni akina mama wa Kizulu, wachache Wakongo. Miongoni mwao alikuwa Mama Furaha, mshonaji kutoka Bukavu. Aliipokea kadi akaigeuza huku na huku.

"Nikiisahau ku nyumba, nitaingia namna gani?"

"Utamwita msimamizi, atakufungulia."

"Na kutoka?"

"Kutoka ni rahisi, mama. Unaona kile kisanduku cha kijani kando ya mlango? Ukikibonyeza, umeme wa sumaku unakatika hapohapo. Hakiulizi kadi."

Akaenda mpaka mlango wa nyuma kukitazama, akarudi. "Ile iko muzuri," akasema.

Kuanzia siku hiyo kila mapumziko ya saa nne alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Kiswahili chake na changu viligongana hapa na pale, "ndiye" yangu kwake ni "njo", na "kwa sababu" ni "juu", tukacheka. Alinisimulia mashine yake ya kwanza ya kushonea, ya mama yake, aliyoiacha Bukavu chini ya kitanda.

Siku ya kukabidhi kazi ilikuwa Ijumaa. Nilijaribu kila kitu mbele ya meneja. Nilibonyeza visanduku vya kijani, milango ikaachia. Nikamwomba alize kengele ya moto, milango yote minne ikaachia kwa mpigo, kwa sababu nilikuwa nimevuta waya kutoka kwenye kengele hadi kwenye umeme wa sumaku zote. Nilidhani atafurahi.

Tulipofika mlango wa nyuma, ule unaotazama uwanja wa kupakilia mizigo, alisimama. Akasema kisanduku kile kitoke, na waya wa kengele utoke, kwenye mlango huo tu. Mito inapotelea hapo, alisema. Watu wanabonyeza, wanampitishia mtu aliye nje, wanarudi kwenye mashine zao. Mlango huo utafunguliwa kwa kadi ya msimamizi, au ataufungua mwenyewe kwa simu yake. Si ndiyo maana amenunua kitu cha mtandao?

Nilimwambia hairuhusiwi, kwamba mlango wa kutokea watu lazima ufunguke bila kadi. Hakubishana nami. Alimpigia Kaka Prosper, wakaongea kidogo, kisha akanipa simu.

"Salma, toa," Kaka Prosper akasema.

"Kaka, na moto ukiwaka?"

"Iko milango tatu ingine. Ni huo moja tu. Mteja amesema, na ana viwanda viwili vinatungojea. Usituharibie."

Nikasema sawa.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kukusanya vifaa vyangu nikaondoka, wamtafute mwingine wa kukitoa. Meneja sikumwogopa. Nilichoogopa ni watu kuja kusema walijua tangu mwanzo kwamba mwanamke atasumbua. Nilivitaka viwanda vile viwili. Nilitaka kuwa yule fundi asiye na matatizo.

Ilinichukua dakika nane. Nilifungua skrubu mbili, nikatoa kisanduku, nikachomoa waya wa kengele, nikaziunganisha nyaya zilizobaki moja kwa moja ili sumaku isikose umeme. Tundu nikalifunika kwa kifuniko cheupe cha plastiki. Kilikaa vizuri, ungedhani hapakuwahi kuwa na kitu. Kisha nikasaini fomu ya kukabidhi. Kwenye mstari wa njia ya dharura niliandika: imejaribiwa. Nikajiambia si uongo, kwa sababu kweli nilikuwa nimeijaribu, nusu saa kabla.

Mama Furaha alikuwa kwenye mashine yake, amenipa mgongo.

Sikumwambia kwamba kile nilichomwonyesha hakipo tena.

Jumanne iliyopita, baada tu ya mapumziko ya saa nne, betri ya foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, ilianza kufuka moshi ikichajiwa. Chumba cha kuchajia kiko upande wa mbele wa kiwanda. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, wazima moto waliumaliza upesi walipofika. Lakini moshi wa betri ukichanganyika na wa pamba za mito ni mzito na mweusi, na ulilijaza eneo lote la mbele. Kengele ililia. Milango mitatu iliachia kama nilivyoiunganisha. Yote mitatu iko upande uliokuwa na moshi.

Waliokuwa karibu walipita humohumo wakatoka. Waliobaki, kama thelathini hivi, walikimbilia nyuma.

Penye kisanduku walikuta kifuniko cheupe. Wakagusisha kadi. Kadi zao hazikuwa na ruhusa ya mlango ule, na mimi ndiye niliyeziwekea mipaka kwenye kompyuta, kwa orodha niliyopewa. Msimamizi alikuwa ameshatokea mbele na kadi yake shingoni, na hakuna aliyeweza kumrudisha ndani.

Meneja alikuwa kwenye mkutano Umhlanga, upande wa pili wa jiji. Walimpigia akapokea. Akabonyeza kwenye simu yake ili mlango ufunguke, haukufunguka. Moto ulikuwa umekata umeme wa upande wa mbele, na kifaa kinachosambaza mtandao wa kiwanda kinatumia umeme huohuo. Mtandao ulikufa. Paneli haikufa. Paneli ilikuwa na betri yangu kubwa.

Sumaku ilishika kama nilivyoipanga ishike.

Aliyewatoa ni dereva wa lori aliyekuwa nje anasubiri kupakiwa mzigo. Alisikia mayowe na vishindo, akafunga mnyororo kwenye mpini wa mlango, akavuta kwa lori. Mara ya kwanza mlango ulifunguka kidogo, mnyororo ukateleza, mlango ukajirudi kwa nguvu. Mara ya pili uling'oka na fremu yake.

Mama Furaha alikuwa mbele kabisa. Ule upenyo ulipotokea aliingiza mkono ili kuusukuma mlango. Mkono ulikuwa bado pale mlango ulipojirudi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa hospitalini siku hiyohiyo.

Hakuna aliyekufa. Kila mtu kazini ananiambia hivyo, Salma mshukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Namshukuru. Lakini naona wanalisema kama vile hesabu imefungwa.

Jumatano niliitwa kutoa kumbukumbu kwenye paneli. Paneli inaandika kila kadi inayogusishwa: jina, mlango, saa, imekubaliwa au imekataliwa, na pembeni inaonyesha picha ya mwenye kadi. Nilikaa mbele ya skrini ofisini, meneja amesimama nyuma yangu. Mlango wa nyuma, imekataliwa. Mlango wa nyuma, imekataliwa. Ukurasa baada ya ukurasa, na kando ya kila mstari sura niliyoipiga mwenyewe, wengi wakitabasamu kwa sababu niliwaambia watabasamu.

Toka kadi ya kwanza kukataliwa hadi mlango kung'oka ni dakika kumi na moja.

Kadi ya Mama Furaha imekataliwa mara kumi na nne. Baada ya hapo jina lake halionekani tena.

Meneja alisema kwa utulivu kabisa kwamba anahitaji ripoti ya fundi. Alisema yeye anakumbuka kwamba mlango ule haukuwahi kuwekewa kisanduku. Akanitazama ili aone kama nami nakumbuka hivyo. Maneno yake ya siku ile hayako kwenye karatasi yoyote. Kwenye fomu kuna saini yangu tu.

Kaka Prosper alikuwa ananingoja nje kwenye gari. Nilipoingia hakuwasha injini.

"Andika kwamba ulisahau kukiweka," akasema. "Kusahau ni kosa la kazi, si la kusudi. Hawatakufanya kitu kikubwa."

"Nilikiweka, Kaka. Ukaniambia nikitoe."

"Najua."

Akaanza kukwaruza usukani kwa ukucha.

"Mimi niko na watoto wanne hapa, Salma. Karatasi yangu ya ukimbizi inaisha karibuni. Kampuni ikifungwa, tumekwisha wote. Wewe uko peke yako. Nitakutafutia kazi mahali pengine, nakuapia."

Nilimwambia nataka kutembea kidogo, nikashuka. Nilitembea hadi barabara kubwa nikasimamisha teksi.

Kinachonichoma ni kwamba hakudanganya kuhusu watoto. Nawajua majina. Nimekula nyumbani kwake Jumapili nyingi, mkewe ananiwekea samaki pembeni kwa sababu anajua sili nyama yoyote isiyo halali. Mtu aliyenipa mkate ndiye anayeniomba nibebe mzigo wake, na mzigo wenyewe nusu ni wangu kweli. Najaribu kumchukia nashindwa, halafu nachukia kule kushindwa kwangu.

Nina picha. Kila kazi napiga picha za milango yote kabla ya kukabidhi, na kisanduku cha kijani kinaonekana wazi kwenye mlango wa nyuma, tarehe na saa vipo. Siku mbili nilizitazama picha hizo kana kwamba zitaniokoa. Zinathibitisha kwamba nilikiweka. Hazisemi nani aliniamuru nikitoe, na hazifuti ukweli kwamba mkono uliokitoa ni wangu.

Juzi Ijumaa, baada ya swala, nilikwenda hospitali. Nilisimama mlangoni mwa wodi mpaka nesi akaniuliza namtafuta nani.

Mama Furaha aliponiona alifurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Sauti yake imekwaruzika kwa moshi. Akamwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani, kwa Kizulu chake cha kuokoteza, kwamba mimi ni mtoto wao, nimekuja kumwona. Akaniomba nimkune mgongo, maana mkono mmoja umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko na mwingine una sindano ya dripu. Nikamkuna.

Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeona aibu.

"Salma, ile kitu ya kijani. Niliitafuta na mikono, moshi ilikuwa mingi. Nilipapasa, nilipapasa. Watu wanapiga kelele, Mama Furaha bonyeza, Mama Furaha bonyeza, juu mimi njo niliwaambia iko pale. Sikuiona. Labda nilisahau mahali yake?"

Siku tatu alikuwa amelala pale akidhani kosa ni lake.

"Hukusahau," nikamwambia. "Ilikuwa palepale. Niliitoa. Waliniambia niitoe, nikaitoa siku ile ya mwisho."

Alinitazama. "Wewe njo uliitoa?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukaniacha najua iko."

"Ndiyo."

Machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia.

"Usinililie hapa," akasema, bila kupaza sauti. "Leo sina nguvu ya kukubembeleza. Mimi nilikuwa mshonaji, Salma. Nashona tangu niko mtoto. Enda ukaseme kwa watu wenye wanaandika. Usiniambie mimi peke yangu."

Akageuza uso ukutani. Nilikaa dakika kadhaa kwenye kiti, kisha nikaelewa kwamba anangoja niondoke.

Nimeyafikiria maneno yake tangu hapo. Nilikwenda kule nikijiona jasiri kwa sababu nakiri. Kumbe nilikuwa nimebeba jambo langu nimempelekea mgonjwa alishike, kwa mkono uliobaki.

Jana nilikaa kuandika maelezo ya kumpa mkaguzi wa serikali wa usalama kazini, anayekuja kiwandani kesho. Ukurasa wa kwanza ulianza na meneja: meneja alisema, meneja alitaka. Nikauchana. Wa pili ulianza na Kaka Prosper, nao nikauchana. Si kwamba hawamo. Wamo wote wawili, kwa maneno yao, na nimeyaandika kama nilivyoyasikia. Lakini kila nilipoanza na wao, nilijiona natafuta pa kujificha.

Ukurasa wa tatu unaanza hivi: "Tarehe ya kukabidhi kazi, mimi mwenyewe nilikiondoa kifaa cha dharura kwenye mlango wa nyuma, nikijua kazi yake."

Ilinichukua mchana mzima kuandika mstari huo.

Kaka Prosper alinipigia mara tano jana, kabla sijaizima simu. Ujumbe wake wa mwisho unasema mkewe ananisalimu na kwamba niwafikirie watoto. Nawafikiria. Namfikiria pia mdogo wangu Morogoro atakayesikia nimefukuzwa, na maafisa watakaotaka kuona kibali changu kabla ya kutaka kusikia habari za mlango. Inawezekana kabisa meneja akabaki na kiti chake, mimi nikarudishwa kwetu. Nimeona mambo yakienda hivyo.

Majina hapa nimeyabadilisha, isipokuwa langu. Nachapisha sasa hivi, mchana huu, kwa sababu najifahamu. Nikiacha mpaka kesho nitaamka na sababu nzuri za kunyamaza, na nitaziamini.

Watu husema siku mpya huja na mambo yake. Yangu itakuja na Jumanne ileile, mpaka niiseme mbele ya mtu mwenye kalamu.

Mkaguzi anafika saa tatu. Nitakuwa getini saa mbili na nusu.